Osa Johnson: Mwanamke aliyelipeleka neno ‘Simba’ katika sinema za Marekani

Na Mwandishi Wetu, Ubaruku

KWA wakazi wa Ubaruku, mji wa wakulima wa mpunga wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, wanyama wa porini si hadithi ya mbali. Mashamba yao yamo katika bonde la Usangu, na ng'ambo ya bonde hilo ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Mpenzi wa filamu wa huko, sawa na mwenzake wa Mbeya mjini au Iringa, akiulizwa filamu ya Kimarekani yenye jina la Kiswahili, huenda akaitaja ‘Hatari!’ ya mwaka 1962, aliyoigiza John Wayne na ambayo ilipigwa kwa sehemu kubwa karibu na Arusha.

Ni wachache wanaofahamu kwamba miaka 34 kabla yake, yaani mwaka 1928, majumba ya sinema ya Marekani yalikwishaonyesha filamu iliyoitwa ‘Simba’. Watengenezaji wake walikuwa Martin Johnson na mkewe Osa, na maisha ya mwanamke huyo yanaeleza mengi kuhusu namna dunia ilivyofundishwa kuitazama Afrika Mashariki.

Osa Helen Leighty alizaliwa Machi 14, 1894 katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na hakuna aliyetarajia kwamba binti huyo angevuka mipaka ya jimbo lake, sembuse bahari.

Mambo yalibadilika alipokutana na Martin Johnson, kijana aliyekuwa amerejea kutoka bahari ya Pasifiki, alikosafiri kama mpishi katika jahazi la mwandishi mashuhuri Jack London. Martin alikuwa akionyesha picha za safari hiyo kwa kiingilio. Walifunga ndoa Mei 1910, Osa akiwa na miaka 16 tu.

Kwa miaka kadhaa wenzi hao walizunguka mji hadi mji wakitumbuiza ili kukusanya nauli. Mwaka 1917 walifika visiwa vya New Hebrides, ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu, na mwaka uliofuata wakatoa filamu yao ya kwanza kuhusu watu wa huko. Baada ya hapo walikwenda Borneo.

Mwaka 1921 waligeukia Afrika, na miaka miwili baadaye ikatoka ‘Trailing Wild African Animals’. Lakini kazi kubwa ilikuwa bado mbele yao.

Mwaka 1924 walirejea Kenya wakiungwa mkono na Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York na George Eastman, tajiri mwenye kampuni ya Kodak. Walipiga kambi kando ya ziwa lililo katika shimo la volkano mlimani Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wakaliita Ziwa Paradiso. Wenyeji walikuwa na jina lao tangu kale, Sokorte Guda.

Hapo walijenga makazi yenye bustani ya mboga na chumba cha kusafishia filamu, wakaishi hadi mwaka 1927. Walifika pia Tanganyika, katika nyika za Serengeti, kuwapiga picha simba.

Mgawanyo wao wa kazi ulikuwa wa kipekee. Martin alisimama nyuma ya kamera, naye Osa alisimama kando yake ameshika bunduki, tayari kufyatua endapo mnyama angewarukia. Maisha ya mume yalitegemea shabaha ya mke, na hilo liliwashangaza sana watazamaji wa zama zile.

Matunda ya miaka hiyo ndiyo ‘Simba’, filamu bubu iliyopendwa mno. Baadaye wenzi hao waliingia msitu wa Ituri, Kongo, wakarudi na ‘Congorilla’ ya mwaka 1932, iliyokuwa na sauti zilizorekodiwa huko huko msituni. Walirudi pia na gorila wawili wakiwa hai, ambao waliishia katika bustani ya wanyama ya San Diego.

Kati ya mwaka 1933 na 1934 walikuja na ndege mbili zenye uwezo wa kutua majini, moja imepakwa milia ya pundamilia na nyingine mabaka ya twiga. Osa mwenyewe alikuwa amejifunza urubani. Waliupiga picha Mlima Kenya na Kilimanjaro kutoka angani, na mwaka 1935 ikatoka ‘Baboona’.

Hata hivyo, anayeziona filamu hizo leo hawezi kufurahia tu. Katika ‘Simba’, uwindaji wa simba kwa mikuki, ambao ndio kilele cha filamu, uliandaliwa kwa ajili ya kamera. Maandishi yaliyoambatana na picha yaliwafanyia dhihaka wapagazi na wanavijiji ili Mmarekani acheke.

‘Congorilla’ ilikwenda mbali zaidi. Wambuti wa Ituri, watu wenye muziki wao wa sauti nyingi unaosifiwa na wataalamu, walipigiwa santuri ya jazi na kuonyeshwa wakicheza kama watoto mbele ya mgeni. Walioijua njia, waliobeba mizigo na waliosoma nyayo za tembo hawakupewa hadhi ya waigizaji wala ya watengenezaji. Simba alipewa jina, watu wakabaki bila majina.

Msiba ulimfika Osa Januari 1937. Ndege ya abiria waliyopanda ilianguka California. Martin alifariki dunia, na Osa akajeruhiwa vibaya. Wengi walidhani mwisho wake umefika.

Badala yake, mwaka huo huo alirejea Afrika Mashariki na kikosi cha kampuni ya Twentieth Century Fox kupiga mandhari ya filamu ya ‘Stanley and Livingstone’, hadithi ya mkutano wa Ujiji, iliyotoka mwaka 1939. Mwaka 1940 alichapisha kitabu cha maisha yake, ‘I Married Adventure’, kilichouzwa kwa wingi mno na kugeuzwa filamu mwaka huo huo.

Alifunga ndoa ya pili, ambayo haikudumu. Mwaka 1952 picha zake za zamani ziliingia katika televisheni, zikiwa miongoni mwa vipindi vya mwanzo kabisa vya wanyamapori. Alifariki dunia jijini New York Januari 7, 1953, akiwa na miaka 58. Mjini Chanute kuna makumbusho yenye jina lake na la mumewe, yaliyofunguliwa mwaka 1961.

Osa hakutunga sheria yoyote ya hifadhi. Lakini picha alizosaidia kuzipeleka duniani zilijenga mazoea ya kuiona nchi hii kama makao ya wanyama ambamo binadamu ni mpita njia. Serengeti ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Wamasai walikuwemo. Kufikia mwaka 1959 walikuwa wameondolewa.

Usangu nako historia hiyo inafahamika. Wafugaji waliondolewa mwaka 2006 na 2007 kwa hoja ya kuuokoa mto Ruaha Mkuu uliokuwa ukikauka, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Haja ya kulinda maji ni ya kweli, na haja ya mkulima na mfugaji kuishi ni ya kweli pia.

Ndiyo maana filamu za Osa Johnson zinastahili kutafutwa na kutazamwa hapa nyumbani. Zimehifadhi sura ya nchi yetu ya karibu karne moja iliyopita, wakiwemo watu ambao huenda wajukuu wao wangali hai. Atakayezitazama na awaangalie simba, lakini asisahau kumwangalia aliyebeba kamera hadi pale.