Ilya Metchnikoff: Bingwa Aliyegundua Askari wa Mwilini

Kambi ya jeshi haikingwi kwa seng'enge peke yake. Seng'enge humchelewesha adui tu. Anayemkomesha ni mlinzi aliye macho, azungukaye usiku na kumtambua asiyehusika. Kwamba mwili wa binadamu nao unao walinzi wa namna hiyo, yaani chembe hai zinazotembea na kupigana, ni jambo ambalo leo hufundishwa shuleni. Katika karne ya 19 lilionekana kuwa ndoto. Aliyelitangaza, akalishikilia kwa robo karne huku akibezwa, alikuwa mtoto wa ofisa wa jeshi, jina lake Ilya Metchnikoff.

Alizaliwa mwezi Mei, 1845, karibu na mji wa Kharkov, katika nchi ya Ukraine ambayo wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Baba yake alikuwa ofisa katika kikosi cha walinzi wa mfalme. Kijana hakuvutwa na upanga. Alivutwa na wadudu, minyoo na viumbe wa baharini. Masomo ya Chuo Kikuu cha Kharkov yaliyopangiwa miaka minne aliyamaliza kwa miwili, kisha akaenda Ujerumani na Italia kuongeza elimu, na alipokuwa kijana wa miaka ishirini na ushei tu alikuwa tayari anafundisha katika chuo kikuu kipya cha Odessa.

Maisha hayakumwia mepesi. Mke wake wa kwanza, Ludmila, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Siku ya arusi ilibidi abebwe kitini hadi kanisani. Alifariki mwaka 1873 katika kisiwa cha Madeira, na mumewe, kwa majonzi, akajaribu kujitoa uhai. Alinusurika. Mwaka 1875 alimwoa Olga, ambaye baada ya miaka michache alishikwa na homa kali ya matumbo. Metchnikoff, akiwa amekata tamaa kwa mara nyingine, alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ya vipindi, ugonjwa ulio jamaa ya ile iitwayo kwetu homa ya papasi. Aliugua nusura afe. Wote wawili wakapona, na tangu hapo, kwa habari zote, alikuwa mtu mwenye kuyapenda maisha kuliko awali.

Baada ya Kaisari Alexander wa Pili kuuawa mwaka 1881, vyuo vya Urusi vilijaa fitina na ukandamizaji. Metchnikoff alijiuzulu, akahamia na familia yake Messina, katika kisiwa cha Sicily. Huko ndiko alikofanya jambo lililoligeuza jina lake. Siku moja ya mwaka 1882 jamaa zake walikwenda kutazama nyani wa mchezo wa sarakasi, naye akabaki nyumbani na hadubini yake. Alikuwa akichungulia watoto wachanga wa kiti cha pweza, ambao mwili wao ni mwangavu kama kioo, hata kila kitu kilichomo ndani huonekana. Aliona chembe zikitembea. Wazo likamjia: je, chembe hizi si walinzi? Alitoka bustanini, akachuma miiba michache ya mwaridi, akaichomeka chini ya ngozi ya viumbe wale. Usiku ule hakulala. Alfajiri alipotazama, aliona miiba imezingirwa pande zote na chembe zilizoikimbilia kama askari walioitwa na baragumu.

Chembe hizo zikapewa jina la Kiyunani lenye maana ya chembe zilazo. Muda si mrefu akaonyesha, katika mdudu mdogo sana wa majini, jinsi chembe hizo zilivyomeza na kusaga mbegu za kuvu: zikishinda, mdudu huishi, zikishindwa, hufa.

Alirudi Odessa mwaka 1886 kusimamia taasisi ya kuchanja watu dhidi ya kichaa cha mbwa. Hakuwa daktari, na madaktari wa mji hawakumsamehe kwa hilo. Chanjo ya kimeta iliyotolewa na wasaidizi wake iliua maelfu ya kondoo, na fedheha ile ikamfukuza. Mwaka 1888 Louis Pasteur alimpa chumba cha kazi mjini Paris, na humo akabaki hadi mwisho wa uhai wake.

Mabingwa wa Ujerumani walimpinga vikali. Mwaka 1890 Emil von Behring na mwenzake Mjapani, Shibasaburo Kitasato, walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekingwa yanaweza kuzima sumu ya pepopunda na ya dondakoo. Basi, wakasema, kinga imo katika maji ya damu, si katika chembe zitambaazo. Kwa haki, ushahidi wao ulikuwa mzito, nao uliokoa watoto wengi. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba ukweli mmoja huufuta mwingine. Mwaka 1903 ilionekana huko London kwamba vitu vilivyomo katika maji ya damu huwaandaa vijidudu ili chembe ziwameze kwa wepesi. Mwaka 1908 Metchnikoff na Paul Ehrlich, mkuu wa upande wa pili, walipewa pamoja Tuzo ya Nobel.

Kazi yake moja iligusa majeshi moja kwa moja. Pamoja na Emile Roux aliwaambukiza sokwe ugonjwa wa kaswende, kisha akaonyesha kwamba marhamu ya zebaki, ikipakwa mapema, huzuia ugonjwa. Mwaka 1906 mwanafunzi wa udaktari, Paul Maisonneuve, alijitolea aambukizwe kisha apakwe dawa ile. Hakuugua. Majeshi mbalimbali yakaigawa marhamu hiyo kwa askari wao. Wako waliomlaumu Metchnikoff kwamba anafungua mlango wa uasherati. Lawama hiyo wasomaji wetu wataitambua, maana imerudiwa kila ilipotajwa kinga ya UKIMWI.

Na UKIMWI ndio uliolifufua suala lake kwa ukali. Kingamwili zilizomo katika damu humkamata adui akiwa bado njiani. Kirusi cha UKIMWI kikishaingia ndani ya chembe hai, hazikifikii tena. Hapo huhitajika chembe nyingine, ambazo Metchnikoff hakuzijua: chembe T, zinazokomaa katika tezi ya kifuani ambayo kazi yake ilifichuliwa na Jacques Miller mwaka 1961. Baadhi yake huitambua chembe iliyokwisha kuvamiwa na kuiua pamoja na adui aliyemo. Nyingine ni kama makamanda, huamsha na kuongoza wenzake. Na hao makamanda ndio wanaoshambuliwa kwanza na kirusi hicho. Hata chembe zilazo, askari wale wa Messina, nazo huvamiwa.

Kwa hiyo wataalamu wengi walitafuta chanjo ya kuamsha chembe T zenye nguvu. Jaribio la kwanza la chanjo ya UKIMWI katika Afrika lilifanywa Kampala mwaka 1999, kwa watu 40 waliojitolea. Chembe T za kuua zilionekana kwa wachache tu. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2007, watu 60, wakiwamo maofisa wa polisi, walijitolea kwa chanjo ya aina nyingine, na karibu wote waliochanjwa chembe zao ziliitika. Lakini kuitika si kushinda. Mwaka huohuo wa 2007 jaribio kubwa la watu wapatao 3,000 katika Amerika na kwingineko lilisimamishwa: chembe T ziliamka kweli, maambukizo hayakuzuiwa. Thailand, mwaka 2009, chanjo mbili zikichanganywa zilipunguza maambukizo kwa asilimia 31, kiasi kisichotosha. Mwishoni mwa 2023 uchanjaji ulisimamishwa pia katika jaribio lililohusisha Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban. Kirusi hicho hubadili sura upesi, na hujificha ndani ya chembe zilizolala, ambako mlinzi hupita bila kukiona.

Metchnikoff hakuyashuhudia hayo. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuchunguza uzee, na kila siku alikunywa maziwa ya mgando akiamini yanarefusha maisha. Hilo, tuseme kweli, hakulithibitisha. Vita vilipoanza mwaka 1914 vijana wa maabara yake walikwenda mstari wa mbele, na vyumba vikabaki vitupu. Moyo wake ulikuwa umechoka. Alifariki mwezi Julai, 1916, akiwa na umri wa miaka 71. Mwili wake ulichomwa kwa matakwa yake, na majivu yamehifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur, Paris. Katika taasisi hiyohiyo, mwaka 1983, ndipo kirusi cha UKIMWI kilipotambuliwa kwa mara ya kwanza.