Edward Steere, askofu aliyekipanga Kiswahili kwa herufi za risasi

Mtoto wa shule anayekulia Mtopanga, katika eneo la Kisauni upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, huandika macho, mchele na cheka, hata kama nyumbani amezoea kumsikia nyanya yake akisema mato, mtele na teka. Kanuni ambayo mwalimu humsahihishia haikuzaliwa Mombasa. Ilianza kupangwa, herufi baada ya herufi, katika chumba cha kupigia chapa kisiwani Unguja zaidi ya miaka 150 iliyopita. Aliyekisimamia chumba hicho alikuwa Mwingereza aliyeacha uanasheria akawa kasisi, Edward Steere.

Steere alizaliwa London mnamo Mei 1828. Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, mpiga chapa wa New York aitwaye Darius Wells alitoa katalogi ya kwanza ya herufi za mbao zilizokatwa kwa mashine. Kabla ya hapo, aliyetaka herufi kubwa za mabango alilazimika kuzisubu kwa risasi. Zilikuwa nzito, ghali, na mara nyingi zilipopoa zilibonyea usoni. Herufi za mbao ngumu zilikuwa nyepesi na za bei nafuu, na zingeweza kupambwa kwa vivuli, maua na mikia ya kila namna. Katika miaka ya utoto wa Steere, kuta za miji ya Uingereza na Marekani zilijaa matangazo ya minada, michezo na safari za meli, kila moja likipiga kelele kwa herufi zake.

Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London hadi kufikia shahada ya udaktari, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1850. Hata hivyo uwakili haukumkaa moyoni. Mwaka 1856 aliwekwa wakfu kuwa shemasi, na baadaye akawa kasisi wa kijiji kidogo katika jimbo la Lincolnshire. Miongoni mwa mambo mengi aliyoyamudu kwa mikono yake ni ufundi wa kupiga chapa, jambo lisilo la kawaida kwa kasisi msomi. Ufundi huo ndio uliokuja kumfaa Afrika kuliko shahada zake zote za sheria.

Rafiki yake William Tozer alipofanywa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, UMCA, Steere alikubali kumsindikiza kwa muda mfupi. Muda huo ulikuja kuwa karibu miaka 20. Kwanza walikwenda upande wa mto Zambezi, ambako mambo hayakwenda vyema, kisha mwishoni mwa Agosti 1864 wakatia nanga Unguja. Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni, na mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1879.

Steere alijifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza wenyeji wa mji na kuandika walichokisema. Hapo ndipo mtambo ulipoingia kazini. Msomaji wa leo, ambaye hubonyeza kitufe na maneno yakatokea, huenda asiyatambue mashaka ya kazi ile. Mpangaji herufi alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba kikiwa na herufi yake ya risasi. Aliziokota moja moja, akazipanga juu chini na nyuma mbele juu ya kibao alichokishika mkononi, kwa kuwa ukurasa ukipigwa hugeuka kama sura katika kioo. Mistari ilipotimia ilibanwa ndani ya fremu ya chuma, ikapakwa wino, karatasi ikalazwa juu yake, na mkono wa mtambo ukavutwa. Karatasi moja, mvuto mmoja. Baada ya hapo kila herufi ilirudishwa chumbani mwake ili itumike tena.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo mpiga chapa wa Kiingereza hakuipata kwao. Seti za herufi zilizouzwa Uingereza zilihesabiwa kwa kuifuata lugha ya huko, e na t zikiwa tele. Kiswahili hula a kwa wingi, na k, w na u nazo huisha upesi. Anayepanga Kiswahili kwa seti kama hiyo huishiwa na herufi anazozihitaji huku asizozihitaji zikijaa vumbi.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa vijana waliookolewa utumwani. Wengi wao walikuwa Wayao, Wanyasa na Wamakua, na Kiswahili chenyewe walikuwa wakijifunza papo hapo. Owen Makanyassa alikuwa mmoja wa waliofanya kazi katika kiwanda hicho. Mtu aliyekuwa bidhaa ndani ya jahazi sasa alisimama akirekebisha makosa ya tahajia. Historia za misheni huwataja vijana hawa kwa kupita tu, ilhali hao ndio Waafrika wa kwanza wa pwani hii kupanga lugha ya Kiswahili kwa risasi.

Mwaka 1867 kitabu kidogo cha maneno ya Kishambaa kilitoka katika mtambo huo. Baadhi ya hadithi alizozikusanya Steere kwa wasimulizi wa Unguja pia zilipigwa chapa pale, kabla ya mkusanyo mzima kutolewa London mwaka 1870 pamoja na kitabu chake cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili. Mwongozo huo ndio uliomfanya ajulikane. Wageni wa kila aina, wamishonari, mabalozi na wafanyabiashara, walijifunza lugha kwa kitabu hicho, na waliponunua kitabu walinunua pia tahajia yake.

Steere hakuwa wa kwanza. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosine upande wa bara, katika ardhi ambayo leo ni ya Nyali, kisha akahamia Rabai. Krapf alikijua Kimvita na akakiandika kwa herufi za Kilatini miaka 20 kabla ya Steere. Alichokosa ni mtambo. Vitabu vyake vya Kirabai vilipigwa chapa Bombay mwaka 1848, na sarufi yake ya Kiswahili ilitoka Tübingen, Ujerumani, mwaka 1850. Kosa dogo lilisafiri miezi kwa bahari kabla ya kusahihishwa. Steere aliweza kulisahihisha kabla ya adhuhuri, na msemaji wa lugha akiwa amesimama karibu naye.

Si kwamba pwani haikuwa na maandishi. Watu wa Lamu, Pate na Mombasa walikuwa wakiandika tenzi kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla Steere hajazaliwa. Misahafu ya Siyu ilipambwa kwa wino wa rangi, na juu ya milango ya Unguja na Lamu mafundi walichonga maandishi ndani ya mbao yenyewe. Ukitaka herufi za mbao zenye madoido, pwani ilikuwa nazo, ila kila moja ilichongwa mara moja na kubaki pale pale mlangoni. Sultani Barghash mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1880, aliweka mtambo wenye herufi za Kiarabu uliochapa vitabu vya dini vya madhehebu ya Ibadhi. Hivyo mji mmoja ukawa na mitambo miwili na hati mbili. Wa Sultani ulichapa Kiarabu. Wa misheni ulichapa Kiswahili, na hilo ndilo lililoamua mambo.

Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu Agosti 1874. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka uliotangulia, na jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa mahali hapo siku ya Krismasi ya 1873. Askofu alilisimamia jengo hilo kama alivyousimamia mtambo, hadi paa lake la mawe ya matumbawe. Wenyeji husimulia kwamba nguzo kadhaa zilisimamishwa juu chini alipokuwa safarini. Kama ni kweli, ni kosa ambalo mpanga herufi angelielewa.

Alifariki Unguja Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo. Agano Jipya alilolitafsiri lilitoka mwaka uliofuata. Kazi ya mtambo iliendelea, na mwaka 1888 shule ya Kiungani ikaanza kutoa Msimulizi, miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili.

Mombasa haikukubali kimya kimya. Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na shirika la CMS mwaka 1875, si mbali na Mtopanga, yalikuwa ngome ya Kiswahili cha Mombasa. William Ernest Taylor, aliyefanya kazi huko, alitetea Kimvita na kukusanya methali zake, zilizochapishwa mwaka 1891. Waliokitumia Kimvita walipata Biblia yao kamili mwaka 1914. Hata Steere hakukidharau, kwani katika mwongozo wake alitambua kwamba lahaja za kaskazini ndizo zilizobeba ushairi. Alichagua Kiunguja kwa sababu ndicho kilichofuata misafara ya biashara hadi bara, na kwa sababu ndicho kilichosemwa nje ya dirisha la kiwanda chake.

Ubishi huo ulikatwa Juni 1928, wajumbe wa serikali za Afrika Mashariki walipokutana na kuamua kwamba Kiunguja ndicho kitakuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa.

Katika hadithi mashuhuri ya Sultani Darai aliyoichapa Steere, mhusika mkuu ni paa, mnyama wa porini. Mzee wa Kimvita akilisoma neno hilo kwa sauti hutoa pumzi katika p, akilitofautisha kabisa na paa la nyumba. Sanduku la herufi lilikuwa na p moja. Huko Kisauni masikio ya wazee bado husikia mbili.