CAREY FRANCIS: MWALIMU WA KAPTULA

Ndugu msomaji, kabla hatujafika kwa mtu mwenyewe, hebu kwanza tutazame viwanja vya michezo vya Nairobi ya zamani, yaani miaka ile kati ya Vita Vikuu vya Kwanza na vya Pili. Viwanja vilikuwepo na michezo ilikuwepo, ila kila mtu alikuwa na kwao. Kriketi ndiyo iliyoonyesha jambo hili waziwazi. Tangu mwaka wa 1910 Wazungu walikuwa na mechi yao kubwa, maofisa wa serikali dhidi ya masetla. Wahindi nao walikuwa na vilabu vyao, na ilichukua hadi mwaka wa 1933 ndipo Wahindi na Wazungu wakaanza kupimana nguvu katika mechi yao. Wote hao walicheza kwa ridhaa, hakuna aliyelipwa hata senti. Na Mwafrika je? Nani alimwuliza kama anataka kushika gongo? Yeye alikuwa na kandanda, tena pekupeku, na tangu mwaka wa 1926 alikuwa na Kombe la Gossage, Kenya ikimenyana na Uganda.

Katika nchi hiyo ya viwanja vilivyogawanywa kwa rangi, ndimo alimoingia Edward Carey Francis mwaka wa 1928.

Huyu bwana alizaliwa London mwaka wa 1897. Vita vya Kwanza vilimkuta kijana, akaenda Ufaransa akiwa ofisa wa mizinga. Wenzake wengi hawakurudi. Yeye alirudi, akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hisabati, na kichwa chake hakikuwa cha kawaida, kwani kufikia mwaka wa 1922 alikuwa tayari amefanywa mmoja wa wasomi wa Peterhouse na mhadhiri wa hesabu. Sisi tunaoona jasho likitutoka kwa ajili ya logi na pembetatu tunaweza kukisia alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa na chumba kizuri, mshahara mzuri na heshima. Basi akaviacha vyote, akajiunga na shirika la wamishenari la CMS, akaja Maseno, karibu na Kisumu, mahali ambapo mstari wa ikweta unapita, kuwa mkuu wa shule ya vijana Waafrika. Kuna waliomwona kama mtu aliyepotea njia. Alikaa huko miaka 12.

Sasa hapa ndipo mpira unapoingia. Mzungu wa siku zile, hasa mwenye cheo, alikaa kando ya uwanja chini ya mwavuli akatazama. Francis hakukaa. Alivaa kaptula yake ya kaki akaingia ndani, akakimbia na wanafunzi, akapigwa kikumbo na kupiga kikumbo kama mchezaji mwingine yeyote. Kwetu leo hilo ni jambo dogo, mwalimu akicheza na wanafunzi tunacheka tu. Lakini mwaka wa 1930, mvulana wa Kiafrika kumnyang'anya Mzungu mpira, tena mkuu wake wa shule, na asipigwe wala asitukanwe, halikuwa dogo hata kidogo! Miongoni mwa vijana waliopita Maseno enzi zake ni Oginga Odinga na Achieng Oneko. Sidhani walihitaji kuambiwa na mtu kwamba Mzungu ni binadamu anayechoka na kuhema.

Hata hivyo tusimpake mafuta kupita kiasi. Mchezo ukiisha, Francis alikuwa mkuu wa shule na neno lake lilikuwa la mwisho. Alikuwa mkali, kiboko alikitumia, na saa kwake ilikuwa saa. Mwaka wa 1940 alihamishiwa Alliance High School, Kikuyu, shule iliyokuwa imeanzishwa mwaka wa 1926, naye akaiongoza hadi 1962. Huko ndiko jina lake lilikovuma, kwa matokeo ya mitihani na kwa nidhamu. Ngugi wa Thiong'o alisoma chini yake kuanzia 1955 hadi 1958. Hakuupenda mwendo wa wanasiasa waliodai uhuru upesi, na Mau Mau aliipinga kabisa. Na bado, hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952 na askari wa serikali wakaanza kuwatesa raia, Francis hakunyamaza. Aliulalamikia ukatili huo kwa wakubwa, wakati ambapo Wazungu wengi walionelea afadhali wasione. Kwa hiyo alikuwa na watu wa kumchukia pande zote mbili. Mimi naona hapo alikuwa yule yule wa uwanjani: faulo ni faulo, hata ikichezwa na timu yako.

Mwaka wa 1962 alistaafu. Hakuwa na mke wala watoto, na Uingereza ilikuwa ikimngoja na baridi yake na pensheni yake. Yeye akaja Eastlands! Naam, huku kwetu. Alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, safari hii si kama mkuu, bali mwalimu wa kawaida mwenye chaki mkononi. Wewe uliyezoea kupanda matatu hapa Njiru kwenda mjini unakijua kitongoji hicho, kiko hapo jirani na Gikomba na Majengo. Pumwani ndipo serikali ya kikoloni ilipowaweka Waafrika wa Nairobi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, mbali na nyumba za Wazungu na viwanja vyao vya kriketi. Mtu aliyewahi kufundisha Cambridge sasa alikuwa akisahihisha madaftari ya watoto wa mitaa hiyo.

Kufikia wakati huo wanafunzi wake wa zamani walijaa serikalini, na wengine walikuwa wameshatoka: Odinga alijiuzulu umakamu wa rais mwezi wa Aprili 1966 akaingia upinzani na chama chake cha KPU. Miezi mitatu baadaye, Julai 1966, Carey Francis alifariki hapa Nairobi akiwa na umri wa miaka 68. Alikuwa bado mwalimu wa Pumwani, na muhula ulikuwa haujaisha kwake.