Kisabengo na Milango ya Simbamwene

Mtu asimamaye Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, akielekeza uso wake kaskazini, huona mbele yake bonde pana la Mto Ngerengere. Katika bonde hilo, zamani za babu zetu, palikuwa na mji wenye ukuta, nao ulijulikana tangu pwani hata bara. Uliitwa Simbamwene, na mtu aliyeujenga ni Kisabengo. Habari zake nyingi ni za vita na ukatili. Walakini katika habari hizo mna jambo jingine lipasalo kujulikana, nalo ni jinsi uzuri wa kazi ya mikono unavyosafiri kutoka taifa moja hata taifa jingine.

Kisabengo alikuwa Mzigua, naye hakuzaliwa katika ukoo mkubwa. Mali yake ya kwanza ilikuwa nguvu za mwili, ulimi wa kushawishi na ucheshi uliovuta watu. Siku zile biashara ya pwani ilikuwa imestawi sana, kwa maana Seyyid Said wa Oman alikuwa amehamishia makao yake Unguja mwaka 1840, na misafara ilikwenda bara kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Watumwa wengine walitoroka mikononi mwa mabwana wao. Hao walikusanyika kwa Kisabengo, wakamfanya mkuu wao. Sultani wa Unguja alipotaka kumtia hukumuni, akakimbia na watu wake mpaka Ukami. Huko akapigana na wenyeji, hata Wakami wakamwachia nchi kubwa yenye rutuba kando ya Ngerengere.

Ingefaa mtu aliyeongoza watoro awahurumie waliofungwa. Lakini Kisabengo alipopata nguvu, yeye mwenyewe akawa mkamata watu. Katika nchi za Udoe, Ukwere na Ukami, jina lake lilitajwa kwa hofu, kwa sababu aliwanyakua watu vijijini mwao. Hivyo ndivyo utajiri wake ulivyopatikana, na kwa utajiri huo akajenga mji.

Mji ulikuwa wa pande nne, umezungukwa na ukuta wenye matundu ya kupigia bunduki. Katika kila pembe palikuwa na mnara wa mawe. Malango yalikuwa manne, moja kwa kila upande wa dunia, katikati ya mnara na mnara. Nyumba ya mtawala ilijengwa kama nyumba za pwani, yenye paa refu la mteremko na baraza pana mbele yake. Nyumba za watu zilikuwa za namna ya bara, zimejengwa vizuri. Henry Morton Stanley alipopita hapo mwezi wa Aprili mwaka 1871, akimtafuta Livingstone, alikisia kwamba mji una watu kati ya 3,000 na 5,000.

Lakini kilichomstaajabisha Stanley zaidi ni milango ya mji. Ilifanywa kwa mbao ngumu, ikachorwa nakshi nyembamba zilizosukwa pamoja, mfano wa kazi za Waarabu. Kwanza alidhani kwamba milango hiyo ilitengenezwa Unguja au pwani, ikachukuliwa ubao kwa ubao mpaka Simbamwene. Na njia hiyo haikuwa fupi. Kutoka Bagamoyo palikuwa na vituo 14, na Stanley mwenyewe, kwa matope ya masika, aliimaliza kwa siku 29. Kisha akaona jambo lililomfanya afikiri tena. Katika nyumba kubwa za mji palikuwa na milango mingine iliyochorwa kwa namna ile ile, ila si kwa ufundi mwingi kama ile ya malango. Ndipo akakiri kwamba huenda mafundi wenyeji ndio walioifanya.

Kama ndivyo, basi yawezekana kuona jinsi ufundi unavyokua. Kwanza mtu huona kitu kizuri kwa wengine, akakitamani. Kisha mkono hujaribu kuiga, na kazi ya kwanza haikosi kasoro. Baada ya siku nyingi mkono huzoea, na mwisho fundi hutia jambo lake mwenyewe, hata kazi ile haiitwi tena ya kigeni.

Hata nakshi za pwani zilikuzwa hivyo. Milango ya Unguja na ya Lamu haikutoka katika nchi moja. Maandiko ya Kiarabu juu ya miimo yalikuja pamoja na dini ya Kiislamu. Misumari mikubwa ya shaba ni desturi ya Bara Hindi, na mafundi wa Kihindi walifanya kazi Unguja pamoja na mafundi wa Kiswahili. Bahari ilileta maumbo mengi, na mikono ya watu wa pwani ikayaunganisha katika ubao mmoja.

Wala watu wa bara hawakuwa bila uzuri wao. Waluguru, Wakami, Wakwere na Wazaramo walikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti apewayo mwali akiwa ndani. Haina mikono wala miguu. Kiwiliwili chake ni kama kigogo kilicholainishwa, na kichwa chake kina kishungi cha nywele. Fundi wa mlango wa pwani huujaza ubao wote nakshi, asiache mahali patupu. Fundi wa mwana hiti huacha mti mtupu, akakata kidogo tu panapohitaji kukatwa. Hawa wote wawili wanajua uzuri, ila kila mmoja amefundishwa na wazee wake kuutafuta mahali pengine. Katika bonde la Ngerengere kazi za namna hizi mbili zilikaribiana.

Kisabengo alipozeeka aliona haya kwa jina lake lililochukiwa, au pengine alitaka fahari zaidi, akajiita Simbamwene, kama mji wake. Alipokaribia kufa, aliagiza binti yake mkubwa atawale baada yake, akampa na jina hilo. Stanley alipofika mwaka 1871, mama huyo ndiye aliyekuwa akitawala.

Kisabengo alipokuwa hai alichimbisha mfereji mrefu, akavuta tawi la mto mpaka karibu na ukuta. Alijivunia mfereji huo kuliko kazi zake zote. Hata mwezi wa Aprili mwaka 1872 ikaja dhoruba kubwa, ile iliyoangusha mikarafuu ya Unguja. Mvua ikajaza mito ya Uluguru, maji yakafuata mfereji, yakaingia mjini. Stanley alipokuwa akirudi pwani aliukuta ukuta wote wa mbele umechukuliwa na maji, na nyumba kama 50 zimebomoka. Simbamwene alikuwa amekimbia, na vijiji vya milimani navyo vilikuwa vimeharibika. Fahari ya baba ndiyo iliyoubomoa mji wa baba.

Minara ile haipo tena. Jina la Kisabengo limehifadhiwa, lakini majina ya waliochora milango hayakuandikwa na mtu, wala ya wale waliobeba mbao vichwani, wala ya waliokamatwa ili utajiri upatikane. Walakini kazi ya mafundi haikufa pamoja na mji, kwa kuwa ufundi hukaa mikononi mwa watu, nao huurithisha. Mwanafunzi aonapo mlango wenye nakshi, au kigoda kilichochongwa na mzee wa kijijini, na ajiulize mambo mawili: maumbo haya yametoka wapi, na ni mikono ya nani iliyoyafanya. Akijiuliza hivyo, hatadharau kazi ya taifa lake, wala hatadharau kazi ya wageni.