Chuo Kilipomwacha Robeson Nje ya Uwanja

Walimwengu humkumbuka Paul Robeson kwa sauti yake nzito na kwa uigizaji wake. Wachache wajua kwamba kabla ya jukwaa palikuwa na uwanja, na kwamba huko aliionja shubiri ya ubaguzi.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898, mjini Princeton, Marekani. Babake, mchungaji wa kanisa, alikuwa ametoroka utumwani angali kijana. Mwaka wa 1915 Robeson alipata ufadhili wa kusomea chuo cha Rutgers, akawa mwanafunzi Mweusi pekee huko. Alipojaribiwa katika timu ya kandanda ya Kimarekani, mchezo unaokaribiana na raga, wenzake walimvunja pua, na mmoja akamkanyaga mkono hadi kucha zikang'oka. Alipopona alirudi, akapewa nafasi yake.

Mnamo Oktoba 1916, chuo cha Washington and Lee kilikataa kucheza iwapo Mweusi angekuwamo kikosini. Rutgers kikakubali, Robeson akaachwa nje. Hapa ndipo penye hoja yangu. Ubaguzi wa mgeni ulitarajiwa. Kinachoatua moyo ni mlezi kumtoa mwanawe kafara kwa ajili ya mechi moja.

Msimu wa 1917 ulitoa jibu. Rutgers kilishinda mechi 7, kikatoka sare 1 na kushindwa 1. Mwezi Novemba, huko Brooklyn, kiliwalaza wanamaji wa Newport 14-0, ingawa kikosi chao kilisheheni nyota wa vyuo. Mwaka wa 1918 mtaalamu Walter Camp alimteua Robeson katika kikosi bora cha taifa. Darasani nako aling'ara: katika mahafali ya 1919 ndiye aliyehutubu kwa niaba ya wenzake.

Baadaye, akiishi London katika miaka ya 1930, alijifunza Kiswahili, lugha hii yetu ambayo baadhi yetu twaionea haya. Alifariki mwaka wa 1976. Jumba la heshima la mchezo huo lilimwingiza mwaka wa 1995, naye hayupo tena kuishukuru heshima hiyo.

Mwalimu mwenzangu, siku mwanafunzi wako atakapokataliwa kwa ajili ya kabila, dini au ufukara wake, usingoje historia imtetee. Mtetee wewe, mechi ingali haijaanza.