Seremala Aliyelipa Gitaa Sauti

Aghalabu katika shule zetu za Kericho na Bomet, mwanafunzi akitamka kwamba angependa kuwa seremala, wenzake huangua kicheko. Nimewasikia hata walimu wenzangu wakidai kwamba randa na patasi ni za walioshindwa na vitabu. Kwa ajili hiyo napenda leo nisimulie maisha ya Antonio de Torres, Mhispania aliyeaga dunia mwaka 1892.

Torres alizaliwa mwaka 1817 karibu na Almería, kusini mwa Hispania, mwana wa mtoza ushuru. Alipotimiza miaka 12 alikabidhiwa kwa fundi ajifunze useremala. Ujana wake haukuwa wa raha: alioa mapema, akaandamwa na madeni, na mwaka 1845 akafiwa na mkewe. Hatimaye alihamia Seville, na huko ndiko alikopata jina kwa kuunda magitaa.

Magitaa ya zama hizo yalikuwa madogo na sauti yake hafifu. Torres alilipanua tumbo la gitaa, akaupunguza unene wa ubao wa mbele, kisha akaubandika kwa ndani vipapi saba vilivyotandazwa mfano wa upepeo. Mpangilio huo hakuubuni yeye, aliukamilisha. Mwaka 1858 alitunukiwa nishani ya shaba katika maonyesho ya Seville. Mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi nzito, ubao wa mbele ukabaki wa mti, ili athibitishe kwamba siri ya sauti imo katika ubao huo. Je, msomaji, hilo si jaribio la kisayansi?

Hata hivyo, sifa hazijazi chungu. Alirejea Almería, akafungua duka la vyombo vya kaure, na kwa miaka kadhaa hakuunda gitaa. Mwaka 1875 aliishika randa tena, wala hakuiacha mpaka mauti. Leo magitaa mengi ya muziki wa kiklasiki duniani hufuata umbo alilolikamilisha yeye.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya ugenini. Wazee wa Kipsigis waliunda chepkong'o kwa mikono yao. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana huko Kapkatet wakimwimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Gitaa la mbali lilijibiwa kwa ala ya nyumbani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nawasihi walimu wenzangu: mtoto anayependa kuchonga asichekwe, bali apewe ubao, kipimo na muda. Nawe mwanafunzi, usiuonee haya mkono wako. Torres alianza na umri kama wako, na hesabu zake alizifanya juu ya mti.