Madam Walker na Nywele za Kipilipili

Wengi humsifu Madam C. J. Walker, na wengine humlaumu, kwa kuvumbua chanuo la chuma la kunyooshea nywele. Sivyo; chanuo hilo lilikuwako Ufaransa kabla yake. Alizaliwa Louisiana, Marekani, mwaka 1867, akaitwa Sarah Breedlove, mtoto wa kwanza wa wazazi wake kuzaliwa huru. Alikuwa yatima akiwa na miaka 7, mjane akiwa na 20, kisha dobi mjini St. Louis. Huko nywele zake zikaanza kunyonyoka. Ila haikuwa katika nywele (sikizeni, walimu tuziitao za kipilipili “mbaya” mbele ya wanafunzi) bali katika ngozi ya kichwa: nyumba nyingi hazikuwa na mfereji, na kichwa kilioshwa kwa nadra. Tangu 1906 aliuza marhamu yenye salfa, akihimiza kuosha kichwa mara nyingi zaidi. Chanuo la moto alilitumia, naam, lakini alikataa kuitwa mnyoosha nywele. Mwaka 1917 mawakala wake, wanawake waliofuata kazi hiyo, walikutana Philadelphia. Alifariki miaka 2 baadaye.